Wanawake wa Kahawa na Juja

Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai Harry Thuku, kiongozi wa kisiasa aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Miongoni mwa malalamiko ambayo Thuku alikuwa ameyapigia kelele kulikuwa na moja lililowauma sana watu wa Kiambu: wasichana walikuwa wakitolewa majumbani kwa amri ya machifu na kupelekwa kufanya kazi kwa lazima katika mashamba ya walowezi. Viongozi wa umati walipowaomba watu warudi makwao, baadhi ya wanaume walianza kuondoka. Mary Muthoni Nyanjiru akajitokeza na kuwakemea, na wanawake wenzake wakapaza sauti pamoja naye. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliouawa.

Mengi ya mashamba hayo yalikuwa ya kahawa, nayo yalienea kuanzia Kiambu hadi Kahawa, Ruiru, Juja na Thika. Walioshika kazi ya kuchuma buni walikuwa wanawake na watoto. Walilipwa kwa debe, na debe lililopimwa chini ya mstari halikulipwa kikamilifu. Mchumaji aliamka alfajiri, akajifunga kikapu kiunoni, akapita mti hadi mti akichagua buni nyekundu na kuacha za kijani, na jioni akapanga foleni mbele ya mnyapara. Katika miaka ya kabla ya Hali ya Hatari wanawake wa Kiambu waligoma zaidi ya mara moja kudai malipo bora. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto, maelfu ya wanawake walifungwa katika gereza la Kamiti, umbali mfupi kutoka pale Waingereza walipojenga kambi ya jeshi iliyoitwa Templer. Sehemu hiyo, basi, ilikuwa na taasisi mbili zilizokaribiana: kambi ya wanajeshi upande mmoja, na upande mwingine gereza lililojaa wanawake waliokataa kutawaliwa.

Kambi ile, iliyokuwa Kahawa, ndiyo baadaye ikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwanahistoria anayetaka kueleza jinsi wanawake walivyofika kwenye ofisi kuu za vyuo vya ukanda huu hana budi kuanza na udongo huo, kwa sababu waliofika huko walikuwa kizazi kilichozaliwa na kulelewa na wanawake wa wakati ule.

Elimu yenyewe ilichelewa kuwafikia wasichana. Shule ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Wasichana Waafrika walisubiri miaka 22 zaidi kabla ya kupata shule yao ya upili, iliyofunguliwa hapo hapo Kikuyu mwaka 1948 na ambayo leo ni Alliance Girls. Makerere, chuo pekee cha juu kwa Afrika Mashariki yote wakati huo, kilipokea wanafunzi wa kike kwa mara ya kwanza mwaka 1945, nao walikuwa sita tu. Mtu akihesabu miaka inayohitajika kumtoa msichana darasa la kwanza hadi uprofesa, ataelewa kwa nini hakuna mwanamke aliyeweza kuwania kuongoza chuo kikuu cha Kenya kabla ya miaka ya 1980. Safu ya nyuma ilikuwa tupu.

Waingereza walipoondoka, kambi ya Templer ilikabidhiwa serikali mpya, na mwaka 1965 ikageuzwa Chuo cha Kenyatta, chenye sehemu ya shule ya sekondari na sehemu ya kufundishia walimu. Mabweni ya askari yakawa mabweni ya wanafunzi. Mwaka 1970 chuo kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1985 kikapata hadhi yake kamili. Jambo la maana katika safari hiyo ni kwamba kilikuwa chuo cha ualimu. Ualimu ulikuwa mojawapo ya kazi chache ambazo mzazi wa miaka ya sitini alimruhusu bintiye aziendee bila kusitasita. Kwa hiyo Kahawa ilipokea wasichana wengi kuliko kama ingekuwa, tuseme, chuo cha uhandisi.

Lakini kufundisha chuoni kulikuwa na taabu zake. Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, aliipata Nairobi mwaka 1971. Alipokuwa mhadhiri yeye na mwenzake Vertistine Mbaya waligundua kwamba wahadhiri wa kike hawakupewa marupurupu sawa na wanaume, kwa hoja kwamba mwanamke aliyeolewa anatunzwa na mumewe: nyumba ni ya mume, na bima ni ya mume. Wawili hao walipigania haki hiyo mpaka wao wenyewe wakaipata. Mwaka 1982 Maathai aliacha kazi ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na aliporudi chuoni akakuta nafasi yake haipo tena. Alikuwa tayari profesa mshiriki na amewahi kuongoza idara. Wahadhiri wa kike wa enzi hizo waliliona hilo kwa macho yao, na kila mmoja alijua kwamba cheo chake kinaning'inia kwa uzi.

Wakati huo Juja ilikuwa bado inajengwa. Mwaka 1977 Mzee Jomo Kenyatta alitoa hekta 200 za ardhi, na serikali ya Japani ikasaidia kujenga chuo cha kilimo na teknolojia. Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1981 kusomea stashahada za uhandisi wa kilimo, teknolojia ya vyakula na kilimo cha bustani. Mwaka 1988 chuo hicho kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 1994 kikasimama peke yake kama chuo kikuu, JKUAT. Kahawa na Juja, kwa hiyo, ni ndugu wa damu, mmoja ameshika mkono wa mwingine kwa miaka sita. Kati yao pana Ruiru, na mwendo wa kilomita kumi na kitu.

Tuje sasa kwenye somo ambalo watu wengi walilidharau. Sayansikimu ilianzishwa katika shule za wasichana kwa nia iliyo wazi: kumwandaa mke wa nyumbani. Kupika, kushona, kulea, kupanga bajeti ya jikoni. Vyuo vya Marekani, hasa vile vya majimbo ya kilimo, vilikuwa vimelikuza somo hilo likawa taaluma kamili, yenye lishe, uchumi wa familia, takwimu na mbinu za utafiti. Leah Marangu alikwenda kulisomea Iowa State University hadi uzamivu, akarudi kufundisha Kahawa na kuongoza idara ya somo hilo. Katika miaka ya tisini alichaguliwa kuongoza Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, upande wa Ongata Rongai, na akawa mwanamke wa kwanza kuwa Naibu Chansela nchini Kenya. Chuo hicho kilikuwa cha kanisa. Vyuo vya umma vilikuwa bado mikononi mwa wanaume, ingawa pale Nairobi Florida Karani alikuwa amefika cheo cha msaidizi wa Naibu Chansela.

Olive Mugenda alipita njia iyo hiyo. Alisomea sayansikimu, akaenda Iowa State, akarudi Kahawa na uzamivu wake. Hata sasa jina lake linajulikana kwa wanafunzi ambao hawajawahi kumwona. Mwaka 1999 yeye na mumewe, Abel Mugenda, walichapisha kitabu cha mbinu za utafiti. Fungua tasnifu yoyote ya uzamili iliyoandikwa Kenya katika miaka ishirini iliyopita, nenda sura ya tatu, mahali mtafiti anapoeleza alivyochagua sampuli yake. Utakuta imeandikwa: Mugenda na Mugenda, 1999, au toleo la 2003. Utakuta pia ile kanuni ya kuchukua asilimia 10 hadi 30 ya walengwa. Mwanafunzi wa uuguzi wa Thika, wa biashara wa Ruiru, wa elimu wa Mombasa, wote wamepita hapo. Sidhani kuna mwanazuoni mwingine wa Kenya aliyenukuliwa mara nyingi namna hiyo na watu wa fani nyingi namna hiyo. Na msingi wake ni lile somo la jikoni.

Hata hivyo kitabu hakimpi mtu kiti. Hadi mwanzoni mwa karne hii, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wa vyuo vyote vya umma, na Naibu Chansela aliteuliwa kwa neno lake. Mtu aliamka asubuhi akasikia redioni kwamba amepandishwa, au ameondolewa. Wanawake hawakuwa katika mizunguko ambamo majina hayo yalipendekezwa. Haikuhitajika sheria ya kuwazuia. Mwaka 2003 Mwai Kibaki aliachia cheo cha uchansela na kuwapa watu wengine, kama Joe Wanjui aliyepewa Nairobi. Baada ya hapo nafasi za Naibu Chansela zikaanza kutangazwa, watu wakaomba, wakahojiwa. George Magoha aliingia Nairobi kwa utaratibu huo mwaka 2005.

Mabadiliko hayo nayaona kuwa ndiyo kiini cha kisa chote. Watu hupenda kusema kwamba wanawake walipewa nafasi. Ukweli ni kwamba nafasi ilipotangazwa hadharani, waliokuwa wamejiandaa kwa miaka ishirini walijulikana, na baadhi yao walikuwa wanawake. Mwaka 2006 Everett Standa alipoondoka Kahawa, Olive Mugenda alikuwa msaidizi anayeshughulikia fedha, mipango na maendeleo. Alijua kila shilingi ya chuo inaingia wapi na kutoka wapi. Akawa Naibu Chansela, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma nchini Kenya.

Miaka yake kumi haikuwa ya shwari. Alikuta chuo chenye majengo mengi ya zamani ya kijeshi na idadi ya wanafunzi inayopanda kwa kasi. Vyuo vya umma vilikuwa vimeanza kupokea wanafunzi wanaojilipia, wale wa "parallel", na fedha hizo ndizo zilizojenga. Maktaba mpya ikainuka, kumbi za mihadhara zikaongezeka, na matawi yakafunguliwa, likiwemo la Ruiru. Mapema mwaka 2009 wanafunzi walizua vurugu kuhusu masharti ya usajili, mali ikachomwa, chuo kikafungwa. Wapo waliomwona kuwa mkali mno. Wapo waliosema angekuwa mwanamume, ukali huo ungeitwa msimamo. Mimi naona pande zote mbili zina lao: aliongoza kwa mkono mzito, na mkono huo mzito ulihukumiwa kwa kipimo ambacho waliomtangulia hawakupimwa nacho.

Kazi iliyodumu zaidi ni hospitali. Chuo kilikuwa na mpango wa kuwafunza madaktari, na daktari hafunzwi bila wagonjwa. Kwa mkopo kutoka China, hospitali ya vitanda 650 ilijengwa kwenye ardhi ya chuo. Mugenda alimaliza muda wake mwaka 2016 kabla haijafunguliwa. Ilipofunguliwa 2019, ikiwa imetengwa na chuo na kuwa shirika linalojitegemea, yeye ndiye aliyerudi kuwa mwenyekiti wa bodi. Watu wa Githurai, Ruiru, Juja na Thika ambao zamani walibeba mgonjwa hadi Kenyatta National, leo wanamshusha njiani. Matibabu ya saratani yanayotolewa hapo yameifanya ijulikane mbali nje ya Kiambu.

Twende Juja. Mabel Imbuga ni mwanabiokemia, na utafiti wake ulihusu mbung'o. Nzi huyo anapomnyonya mnyama mwenye vimelea vya malale au nagana, vimelea huingia tumboni mwake vikiwa katika umbo la kuishi ndani ya damu. Humo tumboni ni lazima vibadilike umbo, la sivyo vitakufa na nzi hataambukiza mtu. Imbuga na wenzake wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, walichunguza ni kitu gani ndani ya utumbo wa mbung'o kinachoviamsha vimelea vibadilike. Ukikijua, unaweza kutafuta jinsi ya kukizuia, na ugonjwa ukaishia ndani ya nzi. Ni kazi ya subira: kupasua utumbo wa nzi mdogo, kutenganisha kimeng'enya kimoja na kingine, kuhesabu vimelea kwa darubini, kurudia.

Mwaka 2008 mwanamke huyo wa maabara alichukua usukani wa JKUAT akiwa Naibu Chansela wa tatu, baada ya Ratemo Michieka na Nick Wanjohi, na aliushika hadi 2018. Katika muda wake Umoja wa Afrika uliichagua Juja kuwa makao ya taasisi yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Chuo Kikuu cha Afrika, na kuanzia 2012 vijana kutoka pembe zote za bara wakaanza kuonekana sokoni Juja wakinunua ndizi kwa lugha za ishara. Serikali ilipoamua kuwapa watoto wa shule za msingi vishikwambi, JKUAT iliungana na kampuni ya Positivo BGH na kuweka kiwanda cha kuviunganisha hapo chuoni.

Hakuwa peke yake. Esther Kahangi, profesa wa kilimo cha bustani, alikuwa msaidizi wa Naibu Chansela upande wa utafiti. Jina lake linahusishwa na migomba ya maabara, na hapa inafaa tusimame kidogo, maana mkulima wa Murang'a au Thika hajali sana nani ni Naibu Chansela, lakini anaujua mgomba huu. Zamani aliyetaka kupanda mgomba aliomba chipukizi kwa jirani, na pamoja na chipukizi akachukua fukusi, minyoo ya mizizi na ugonjwa wa Panama. Shamba la jirani likifa, lake hufuata. Maabarani wanakata ncha ndogo ya chipukizi safi, wanaiosha kwa dawa, wanaiweka ndani ya chupa yenye chakula kinachofanana na jeli. Chini ya taa, ncha hiyo huchipua. Kila chipukizi hukatwa na kuwekwa kwenye chupa yake. Kutoka mama mmoja hupatikana mamia ya miche iliyo safi na inayolingana. Miche hiyo huhamishiwa kitaluni kuzoea jua, kisha huuzwa. Wakulima walitoka Juja na miche kwenye pikapu, na ndizi ikawa zao la biashara kwa watu wengi ambao kahawa ilikuwa imewavunja moyo.

Mwingine ni Mary Abukutsa-Onyango. Akiwa mtoto, mwili wake haukukubali nyama, maziwa wala mayai, na familia ikamlisha mboga za kienyeji. Aliposomea kilimo, alikuta mboga hizo hazimo katika masomo, na zilipotajwa zilitajwa kama magugu. Akatumia maisha yake ya kitaaluma kuonyesha thamani ya magugu hayo: mnavu, ambao watu wa Ruiru huuita managu, terere, saga, mrenda, kunde. Alipima madini na vitamini zake, akazalisha mbegu, akawafundisha wakulima muda wa kuvuna na namna ya kupika bila kuua lishe. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku kwa mchango wake wa kisayansi. Baadaye na yeye akashika ofisi ya utafiti pale JKUAT. Leo mnavu hufungwa kwa mafungu katika maduka makubwa ya Thika Road, na bei yake haina tena aibu mbele ya sukumawiki.

Kati ya 2008 na 2016, basi, mtu aliyesafiri kutoka Nairobi kwenda Thika alipita vyuo vikuu viwili vikubwa vya umma, na vyote viwili vilikuwa vikiongozwa na wanawake. Barabara yenyewe ilikuwa ikivunjwa na kujengwa upya. Ilizinduliwa na Kibaki Novemba 2012 ikiwa pana kuliko nyingine yoyote nchini. Magari yalisongamana, vumbi likatanda, na wasafiri wengi walipita Kahawa na Juja pasipo kulitambua jambo hilo. Hakuna sherehe iliyofanywa kwa ajili yake. Kwangu hilo ni jambo jema, maana lilikuwa limekuwa kawaida.

Kabla ya hapo, njia nyingine ilikuwa imejaribiwa. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Wanawake cha Kiriri kilipata idhini ya muda, kikiwa cha kwanza Afrika Mashariki kilichowalenga wanawake peke yao, tena kwa masomo ya sayansi na teknolojia. Kampasi yake iko upande wa Mwihoko, ng'ambo ya Githurai. Miaka yake ya mwanzo iliongozwa na Rosalind Mutua, ambaye mwaka 1975 alikuwa amechapisha kitabu kuhusu usimamizi wa elimu Kenya tangu 1846 hadi 1963. Kiriri kimebaki kidogo. Wasichana wengi waliotaka sayansi walikwenda Juja na Kahawa, pamoja na wavulana.

Katiba ya 2010 iliongeza nguvu kwa kutaka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuteuliwa na kuchaguliwa. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikaweka utaratibu wa kuwatafuta viongozi kwa ushindani. Matokeo yake yalionekana hadi mbali. Teresa Akenga alichukua Eldoret. Mary Ndung'u aliongoza Kirinyaga, chuo kilicholelewa na JKUAT. Lucy Irungu akaongoza Machakos, kilicholelewa na Kahawa. Laila Abubakar akashika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wasomaji wa Tanzania watamkumbuka Penina Mlama, ambaye kabla ya wote hao alikuwa Afisa Mkuu wa Taaluma pale Dar es Salaam, na tamthilia zake za Kiswahili bado zinasomwa; baadaye alihamia Nairobi kuongoza FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana ambalo Eddah Gachukia alikuwa ameliongoza mwanzo.

Mwaka 2018 Victoria Ngumi, profesa wa botania, alimrithi Imbuga. Hapa hadithi inabadilika rangi. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umeanza kusimamiwa kwa ukali: mwaka 2016 waliopata alama ya C+ na zaidi walikuwa 88,929, na mwaka 2017 wakashuka hadi 70,073. Karibu wote hao walipata nafasi za serikali, na wale wa kujilipia wakayeyuka. Fedha zilizowajengea watangulizi wake zilikauka, mishahara na madeni yakabaki. Juni 2019 JKUAT ilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja. Idadi hiyo ikazua maswali nchi nzima kuhusu muda na usimamizi wa tafiti hizo, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaanzisha uchunguzi. Machi 2020 korona ikafunga kila kitu, na masomo yakahamia kwenye simu za wanafunzi ambao wengi wao hawakuwa na pesa za bando.

Nchi nyingi zimelishuhudia jambo hili: wanawake hukabidhiwa usukani chombo kikiwa tayari kinaingia maji, kisha maji hayo huhesabiwa kuwa yao. Haifai kumwondolea Ngumi lawama zinazomhusu mkuu wa chuo kwa mambo ya wakati wake. Lakini mizani ya haki lazima iweke pia kandoni mwake zile hesabu za 2016 na 2017.

Huko Kahawa, Waceke Wanjohi aliitwa kukaimu katika saa ngumu zaidi. Mtaalamu huyu wa minyoo midogo inayoshambulia mizizi ya mimea aliwekwa kwenye ofisi hiyo katikati ya 2022, wakati serikali iliyokuwa ikiondoka ilipotaka sehemu ya ardhi ya chuo na Naibu Chansela Paul Wainaina akapinga, akaondolewa. Serikali mpya ilipoingia, Wainaina alirudishwa. Wanjohi alikuja kukaimu tena baada ya Wainaina kumaliza muda wake. Kukaimu ni kazi ya kikatili kidogo: mzigo ni kamili, mamlaka ni nusu, na kila upande unakuhesabu kuwa wa upande wa pili.

Na Thika yenyewe? Chuo kikuu kikubwa zaidi kilichozaliwa mjini humo ni Mount Kenya, kilichopata hati ya idhini mwaka 2011. Kiti cha Naibu Chansela kimekaliwa na Stanley Waudo, kisha Deogratius Jaganyi. Vyuo vya binafsi havifungwi na taratibu za uteuzi za vyuo vya umma, na wamiliki wana uhuru mkubwa wa kuchagua wanayemtaka. Hiyo ni tofauti ya kweli kati ya mji wa Thika na majirani zake wa Juja na Kahawa. Inaonyesha wazi zaidi kuliko hoja yoyote jinsi tangazo la kazi na mahojiano ya hadharani yalivyofungua mlango ule.

Bado kuna kazi moja haijafanywa. Majina niliyoyataja ni ya waliofika juu, na kumbukumbu zao zimo kwenye magazeti na kwenye tovuti za vyuo. Lakini wapo matroni waliotunza mabweni ya Kahawa tangu yakiwa ya bati, makarani waliopiga chapa barua za baraza la chuo, wahadhiri wa kwanza wa kike waliofundisha Juja wakati maabara zikiwa bado zinanuka rangi. Wengi wao wamestaafu, na wanaishi Ruiru, Gatundu, Kalimoni, Makongeni. Umri haungoji. Ewe msomaji, ikiwa mama yako, shangazi yako au nyanya yako alifanya kazi katika vyuo hivyo, kaa naye mchana mmoja, washa kinasa sauti cha simu, umwulize alivyoajiriwa, alilipwa nini, nani alimkataza na nani alimsaidia. Kisha upeleke nakala kwenye maktaba ya chuo alikofanya kazi, waiweke.